Tembo Wamerudi, na Sisi Tumeongezeka

Ndugu zetu mlio nyumbani, na ninyi mlio Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam na ughaibuni, kila anayepiga simu kwao wakati wa mavuno ameshaisikia habari hii: tembo wameingia shambani. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, Pori la Akiba Maswa na Pori la Akiba Kijereshi vinakesha. Vijana wanasema balaa hili ni la juzi. Wazee wanasema enzi zao tembo walikuwa wa kusikia tu. Wote wana sehemu ya ukweli, na historia yetu inaonyesha kwa nini.

Katika karne ya 19 Usukuma na Unyamwezi zilijulikana mpaka pwani kwa wapagazi na pembe za ndovu. Wasukuma walikuwa na chama cha wawindaji wa tembo, Bayege, chenye dawa na ngoma zake. Biashara ile iliwapunguza tembo mno. Kisha katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe, njaa ikafuata, na mashamba yaliyoachwa yakageuka vichaka vya mbung'o.

Wakati wa Waingereza watu walifyeka vichaka hivyo, wakapanda pamba, wakafuga tena. Watu wa Ntuzu, Itilima, Kanadi na Mwagalla walisogea mashariki wakitafuta ardhi na malisho. Babu zetu walifungua mashamba mengi katika kipindi ambacho tembo walikuwa wachache sana. Walitufundisha kuilinda mifugo dhidi ya fisi na simba, lakini ujuzi wa kuishi na tembo hawakuwa na sababu ya kuurithisha.

Serengeti ikawa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na Pori la Akiba Maswa likaanzishwa mwaka 1962. Katika miaka hiyo hiyo tembo walianza kuingia Serengeti kwa wingi, wakisukumwa na makazi na kilimo kilichopanuka nje yake. Baadaye ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 uliwafyeka, hata kufikia mwaka 1986 wakabaki takribani 500 katika hifadhi. Mwaka 1989 serikali iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huo huo mataifa yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe. Tembo wakaongezeka. Sensa ya angani ya mwaka 2014 ilihesabu zaidi ya 7,500 katika ikolojia nzima ya Serengeti na Mara.

Sisi nasi hatukubaki vilevile. Sensa ya mwaka 2012, mwaka ambao mkoa wetu ulizaliwa, ilihesabu watu 1,584,157 Simiyu. Ile ya 2022 ilihesabu 2,140,497. Mahali palipokuwa na pori au malisho kati ya kijiji na mpaka, leo kuna mahindi, mtama, viazi na pamba. Tembo akivuka mpaka usiku, hatua chache tu zinamfikisha kwenye chakula cha familia cha mwaka mzima.

Sheria ipo, lakini tuielewe vizuri. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa. Viwango vyake vilikuwa kati ya shilingi 25,000 na 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi tano, kufuatana na umbali wa shamba kutoka mpakani, na shilingi 1,000,000 kwa kifo. Jina lenyewe linasema: ni pole, si fidia. Hakuna pole inayolingana na ghala tupu, sembuse na mzazi aliyekufa. Kwa hiyo kinga ndiyo kazi yetu ya kwanza.

Kinga hiyo inaanza na tulichonacho. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma walianzisha sungusungu dhidi ya wezi wa ng'ombe: yowe likipigwa, kijiji kizima kinatoka. Ulinzi wa tembo unahitaji mpango huo huo, ila bila kumkaribia mnyama. Walinzi wakae kwenye dungu kwa zamu, wawe na tochi kali, honi na simu ya kuwaita askari wa wanyamapori mapema. Kamba zenye matambara yaliyopakwa oili chafu na pilipili husaidia. Huko Sagalla, Kenya, uzio wa mizinga ya nyuki umewageuza tembo wengi, na wakulima wakavuna asali. Ila ukame ukizidi nyuki huhama, jambo la kuangaliwa sana kwetu. Tembo ana akili: akizoea mbinu moja, huipuuza. Ndiyo maana mbinu lazima zichanganywe na kubadilishwa.

Tupo tunaojua gharama isiyoandikwa kwenye fomu yoyote: mama anayekesha peke yake shambani, na mtoto anayesinzia darasani kwa sababu usiku alikuwa akipiga debe. Historia hii haikumleta tembo kama mgeni, wala haikutufanya sisi wavamizi. Imetufikisha kwenye mpaka mmoja, na mpaka huo hauhami.

Ndugu zetu, sehemu ya mchango wa harambee ya mwaka huu tunapendekeza iende kwenye madungu, tochi, honi, pilipili na mafunzo ya vikundi vya vijiji vya mpakani. Aliye mbali achange, aliye karibu ashiriki zamu. Watoto warudi kulala, na mavuno yafike ghalani.