Bodi Zilizoundwa Zife

Mwaka 1991, kampuni ya Capcom ya Osaka ilipotoa mchezo wa mapigano uitwao Street Fighter II, na mashine zake zikaenea katika kumbi za burudani tangu Japani hata Marekani, wenye tamaa hawakukawia kunakili chipu zake na kuuza bodi bandia kwa bei nafuu. Na hasara iliyompata mwenye mali ikamfundisha ubakhili ambao mafundi wanausimulia hata leo. Mwaka 1993 kampuni ilileta bodi mpya, CPS-2, ambayo maagizo ya programu yake yaliandikwa kwa fumbo, na ufunguo wa kulifumbua ukawekwa, si katika chipu ya kudumu, bali katika kumbukumbu hafifu iliyotegemea betri ndogo ili isisahau. Mdukuzi akiiondoa betri, ufunguo hupotea. Lakini betri ikichoka kwa umri tu, pasipo mwizi wala hila, ufunguo hupotea vilevile, na bodi iliyonunuliwa kwa fedha halali haichezi tena. Mafundi waliiita betri ya kujiua, na sioni jina lililosadifu zaidi.

Betri hizo zikiwa zingali changa, Mtaliana Nicola Salmoria alishika kazi ambayo mwanzoni haikuwa na makuu: kuandika programu ya kuifanya kompyuta ya nyumbani ijione kuwa ni mashine ya Pac-Man ya mwaka 1980. Tarehe 5 Februari 1997 aliitoa kwa umma kwa jina la MAME. Kuiga huku si kunakili, kwani ni sharti prosesa ya zamani, iliyokwenda kwa megahezi 3 hivi, ifuatwe agizo kwa agizo, pamoja na mapigo ya saa yake, sauti yake, na hata kasoro zake, maadamu waliotunga mchezo walizitegemea kasoro hizo. Na kompyuta ya kisasa, kwa wepesi wake, hulazimika kungoja, la sivyo vizuka vya Pac-Man vingemmeza mchezaji kabla hajanyanyua kidole. Watunzi wa MAME wameshikilia kwamba shabaha yao ni kuandika sifa za mashine zisipotee, na kwamba kuchezeka kwa mchezo ni ushahidi tu wa usahihi wa maandishi. Wapo walioucheka usemi huu, wakiudhania kisingizio cha wapendao kucheza bure. Na baadhi ya waliokuwa wakiitumia, tusifichane, walikuwa ndio hao.

Lakini CPS-2 haikuigika ilhali fumbo lake halijafumbuliwa. Januari 2001 kikundi kilichojiita CPS2Shock kilianza kutoa maagizo yaliyofumbuliwa, kikitumia bodi ambazo betri zake zilikuwa hai bado, mchezo mmoja baada ya mwingine, kazi ya taabu iliyoshindana na mauti yenyewe, kwa kuwa kila bodi iliyozima ilikwenda na ufunguo wake. Mwaka 2007 Salmoria, akishirikiana na mtu aliyejulikana kwa lakabu ya Andreas Naive, aliifichua kanuni nzima ya fumbo pamoja na ufunguo wake wa biti 64. Na mwaka 2016 mafundi wengine wakatangaza njia ya kuirudishia bodi iliyokufa ufunguo wake bila ya kuibadili chipu hata moja.

Sheria ilikuja nyuma kwa mwendo wa kobe. Marekani, iliyokataza mwaka 1998 kuvunja kufuli za namna hii, iliruhusu mwaka 2003, kwa uamuzi wa Mkutubi wa Bunge, kuzivunja kufuli za michezo iliyofungiwa katika vyombo vilivyopitwa na wakati, tena kwa muda na kwa masharti.

Mwaka 2019 kampuni ya Koch Media, kwa idhini ya Capcom, ilitoa chombo cha kuchezea nyumbani chenye michezo 16, mingine ikiwa ya CPS-2 yenyewe. Na programu iliyoiendesha ilikuwa FB Alpha, kazi ya mikono ya wapenzi wa kujitolea ambao masharti yao yalikataza isitiwe katika biashara. Ruhusa ilitolewa na mmoja wao. Wenzake, waliosema kwamba hawakuulizwa, walijitenga naye, wakaiendeleza kazi ile ile kwa jina la FinalBurn Neo.