Ukuta wa Mzee Punch

Desemba 2023 nilikuwa Singida mjini, kwa mama mkubwa. Mvua zilikuwa zimeanza, naye alikuwa amekaa barazani na ungo mapajani, akichagua mbegu za alizeti za kupanda. Siku zile tulikuwa tunafuatilia habari kuliko kawaida, kwa sababu ya vijana wawili wa Kitanzania, Clemence Mtenga na Joshua Mollel, waliokuwa wamekwenda Israel kujifunza kilimo kwa vitendo. Wote wawili walipotea katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba. Kifo cha Mtenga kilikuwa kimeshatangazwa mwezi Novemba. Ya Mollel yalikuwa bado hayajajulikana. Uthibitisho wa kifo chake ulikuja siku chache baadaye.

Katika kutafuta habari hizo nikakutana na video fupi kutoka Bunge la Marekani. Ilikuwa tarehe 5 Desemba, na wakuu wa vyuo vikuu vitatu, Harvard, Pennsylvania na MIT, walikuwa wanahojiwa. Mbunge aliwauliza kama mtu anayetoa wito wa kuangamizwa kwa Wayahudi anavunja kanuni za chuo. Wakajibu kwamba inategemea mazingira. Siku nne baadaye mkuu wa Pennsylvania alijiuzulu, na tarehe 2 Januari akafuata wa Harvard.

Nilimtafsiria mama mkubwa mahojiano yale. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Na hao wanafunzi wenyewe wanasemaje, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Katika video ile walizungumza wabunge na wakuu wa vyuo tu.

"Sisi tulikuwa na Mzee Punch," akasema, na kuendelea na ungo wake.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kwa kiburi cha msomi nilidhani naijua historia ya migomo ya Mlimani. Naweza kuisimulia usingizini. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana wakiwa wamevaa majoho yao, wakipinga kulazimishwa kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara kwa sehemu kubwa ya muda huo. Baadhi ya mabango yalisema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kisha akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300. Mwaka 1970 chama cha wanafunzi wa mrengo wa kushoto, USARF, kilipigwa marufuku pamoja na jarida lake, Cheche. Mwaka 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, alifukuzwa chuoni. Machi 1978 wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya viongozi, na mamia wakatimuliwa.

Ukiisoma hivyo, hadithi ni nyepesi. Upande mmoja yupo mwanafunzi na bango lake, upande wa pili ipo dola na rungu lake. Mzee Punch hakai vizuri katika hadithi hiyo, na nadhani ndiyo maana katika mengi niliyosoma alipewa aya moja akapitwa.

Punch ilikuwa fasihi ya ukutani. Usiku, watu wasiojulikana walibandika michoro na maandishi mahali ambapo kila mtu angepita asubuhi. Jina la mwandishi halikuwepo. Yote yalisemwa kwa kinywa cha mzee mmoja wa kubuni. Mzee Punch alimkejeli mhadhiri mvivu, kiongozi wa wanafunzi aliyejisahau, mkubwa wa serikali aliyenenepa wakati chakula cha bwalo kikipungua.

Nataka tuelewe kwa nini ukuta ule ulipendwa. Nchi ilikuwa na chama kimoja. Magazeti ya kila siku yalikuwa ya serikali na ya chama. Jarida lililothubutu kuandikwa na wanafunzi wenyewe lilikuwa limezimwa, na waliosema mchana kwa majina yao walikuwa wamefukuzwa. Katika mazingira hayo kuficha jina ilikuwa njia ya kusema ukweli na bado ukamaliza shahada. Mtoto wa mkulima kutoka Manyoni au Iramba, ambaye ukoo mzima ulikuwa unamtegemea, hakuwa na anasa ya kufukuzwa.

Lakini kinga hiyohiyo ilitumika kwa kazi nyingine. Wanawake Mlimani walikuwa wachache, na ukuta ukaanza kuwafuata. Msichana aliyemkataa mwanamume, aliyevaa hivi au vile, aliyejibu kwa ukali, angeweza kuamka na kujikuta amechorwa uchi, na matusi yameandikwa chini ya jina lake. Hilo liliitwa kupigwa Punch. Adhabu haikuishia kwenye picha. Aliyepigwa Punch alitengwa, na aliyethubutu kuandamana naye kwenda bwaloni alijiweka kwenye foleni ya kuchorwa. "Ulikuwa unapita huku unaangalia chini," mama mkubwa aliniambia, "halafu unajilaumu kwa sababu umefurahi siyo wewe."

Februari 1990 mwanafunzi aitwaye Levina Mukasa alijiua baada ya kuandamwa na kudhalilishwa kingono na kundi la wanaume waliojificha nyuma ya Punch. Kifo chake kilitikisa nchi. Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichokuwa kimeanzishwa miaka mitatu tu kabla, kilipaza sauti, na kwa mara ya kwanza jambo lililoitwa utani wa chuo likaanza kuitwa ukatili. Punch ikapigwa marufuku.

Miezi miwili baadaye, tarehe 19 Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini zilikutana Dar es Salaam na kupitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu uhuru wa taaluma na wajibu wa wanataaluma kwa jamii. Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala, lililobeba wazo hilohilo kwa Afrika nzima. Haya ni maandiko tunayojivunia, na tuna haki. Ila tangu siku ile barazani siwezi tena kuyasoma bila kukumbuka yaliyotokea Februari. Majina yake yanaweka uhuru na wajibu katika sentensi moja. Nani alikuwa na wajibu kwa Levina?

Tarehe 12 Mei 1990 serikali ilifunga chuo. Wanafunzi walikuwa wamegomea masomo, wakilalamikia hali ya chuo na kutaka Rais Mwinyi, ambaye pia alikuwa Mkuu wa Chuo, aje azungumze nao. Miongoni mwa mambo yaliyoikera serikali ni maandishi ya ukutani yaliyowakashifu viongozi. Mama mkubwa alifungasha sanduku lake, akapanda treni ya Reli ya Kati hadi Manyoni, na kutoka hapo akapata lori la kumfikisha Singida. Alikaa nyumbani zaidi ya nusu mwaka, akilima.

Tazama mpangilio wa miezi ile. Ukuta uliwadhalilisha wasichana mwaka hadi mwaka na ukaitwa mila, mpaka mmoja wao alipokufa. Ukuta ulipowagusa wakubwa, mlango wa chuo ulifungwa ndani ya wiki chache. Sisemi kwamba maandishi ndiyo yaliyokuwa sababu pekee ya kufungwa kwa chuo. Mgomo ulikuwa mkubwa na madai yake yalikuwa mazito. Nasema kwamba dola iliyojua kusoma kuta ilichagua lini isome.

Hapa ndipo ninaporudi Marekani. Oktoba 2023 mwanafunzi mmoja wa Cornell aliandika kwenye mtandao, bila jina lake, vitisho vya kuwaua wanafunzi wenzake Wayahudi, akalitaja hata jengo wanakokula. Alikamatwa, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha miezi 21. Nilipoisoma kesi ile nilimwona msichana anayepita bwaloni huku anaangalia chini. Hofu ya wanafunzi wale haikuwa ya kubuni, na anayetaka kuidogosha kwa sababu hapendi siasa za Israel anafanya walichofanya waliosema Punch ni utani. Mwezi uliofuata vijana watatu Wapalestina, wanafunzi wa vyuo, walipigwa risasi wakitembea mtaani Vermont. Hofu yao pia haikuwa ya kubuni.

Halafu Aprili 2024 wanafunzi wa Columbia walipiga mahema uwanjani kupinga vita ya Gaza. Wengine miongoni mwao walikuwa Wayahudi. Tarehe 18 mkuu wa chuo aliita polisi, na zaidi ya watu 100 wakakamatwa. Usalama wa wanafunzi ulikuwa moja ya sababu zilizotolewa. Inawezekana kabisa kwamba kulikuwa na waliotukanwa pale kwa Uyahudi wao na walistahili kulindwa. Inawezekana pia kwamba wengi waliobebwa na polisi hawakumtukana mtu yeyote. Kumlinda mmoja hakulazimishi kumziba mdomo mwingine, lakini uongozi ukishabanwa huona njia rahisi ni kufunga uwanja mzima, kama ulivyofungwa Mlimani.

Baada ya siku ile barazani, kila ninapokutana na mjadala huu najiuliza maswali mawili ya kienyeji. Maneno haya yanaelekezwa kwa nani: kwa mwenye madaraka anayeweza kujibu, au kwa jirani wa bweni asiye na pa kukimbilia? Na anayesema analinda usalama, alikuwa wapi kabla hajaguswa yeye? Bango la 1966 lilimwelekea Rais, naye alijibu, hata kama jibu lake lilikuwa kali. Mchoro wa Punch ulimwelekea msichana, na hakuwa na ukuta wa kujibia.

Mwaka 1998 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, iliyofanya udhalilishaji wa kingono kuwa kosa la jinai. Ilichukua miaka minane na kelele nyingi za wanawake.

Usiku ule nilimuuliza mama mkubwa kama yeye aliwahi kupigwa Punch. Alitikisa kichwa. Kisha akaniambia kuhusu binti mmoja aliyekaa naye meza moja katika mihadhara, aliyechorwa muhula wa pili.

"Nilihamia meza nyingine," akasema. "Hiyo ndiyo uiandike."