Reli Iliyokuja Kufuata Karanga

Msomaji akiichukua ramani ya reli za Tanzania, ataona mistari inayotoka pwani na kuingia bara. Uko ule wa Tanga unaopanda hadi Moshi na Arusha; uko ule wa kati uliofika Kigoma mwaka 1914; na uko ule wa TAZARA uliojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, unaokwenda hadi Zambia. Siku hizi ataikuta pia reli mpya ya umeme, ambayo tangu 2024 inachukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Lakini akishusha kidole chake kufuata pwani, akavuka Rufiji, akaingia Lindi na Mtwara, atakuta weupe mtupu.

Mgeni akiuona weupe huo hudhani kwamba huku reli haijafika. Sivyo. Huku reli ilifika, ikakaa miaka kumi na kitu, kisha ikang'olewa. Sisi wa Kusini hatumo katika kundi la watu ambao hawajapata kuwa na reli; tumo katika kundi la watu waliokuwa nayo. Na tofauti hiyo si ndogo. Asiyewahi kupata huishi kwa matumaini, bali aliyepata akanyang'anywa huishi na swali.

Mimi ni mkazi wa Chikongola, hapa Mtwara mjini. Jina la mtaa wetu, kama majina mengi ya hapa yanayoanzia na "chi", lina sauti ya Kimakonde, lakini mji wenyewe haukuanzishwa na Wamakonde. Mji wa kale wa upande huu ni Mikindani, wenye misikiti na magofu yake, alikopitia Livingstone mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Mtwara ni mtoto wa juzi. Ulichorwa kwenye karatasi mwishoni mwa miaka ya 1940, na waliouchora walikuwa na ndoto kubwa: walipima mji wa watu wapatao laki mbili. Ndiyo maana barabara zetu ni pana kupita kiasi, na kutoka Chikongola hadi Shangani, walikojengewa Wazungu, mtu hutembea katikati ya nafasi nyingi zilizoachwa zisubiri watu ambao kwa miaka mingi hawakuja. Anayetaka kujua upana huo umetoka wapi hana budi kuanza na karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alitoa wazo kwamba mapori ya Tanganyika yafyekwe kwa mashine na kulimwa karanga. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe ulioongozwa na John Wakefield. Ujumbe huo ulitumia wiki tisa tu, na sehemu kubwa ya ardhi iliangaliwa kutoka angani. Taarifa yake ilipendekeza zilimwe zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi kati ya hizo zikiwa Tanganyika, na sehemu kubwa kupita zote ikiwa katika Jimbo la Kusini, kule Nachingwea. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25.

Sasa, karanga za Nachingwea zingefikaje Uingereza? Huku hakukuwa na bandari ya kupokea meli kubwa, wala reli. Kwa hiyo vyote viwili vikaamriwa vijengwe. Njia ya reli ilianzia Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikafuata bonde la mto Lukuledi kuelekea bara, na mwaka 1949 gari moshi likafika Nachingwea. Wakati huohuo bandari ya maji ya kina ilikuwa ikijengwa katika ghuba ya Mtwara, na njia nyingine ikaletwa kutoka huko mpaka Ruo, ikaungana na ile ya kwanza. Baadaye Masasi nayo ikapata tawi lake. Ilikuwa reli ya upana wa mita moja, sawa na nyingine za Afrika Mashariki wakati ule.

Msomaji azingatie mpangilio wa miaka, kwani hapo ndipo palipo na kichekesho na msiba kwa pamoja. Kwa kuwa Kusini hakukuwa na reli wala bandari, wakubwa wa mpango hawakuweza kungoja. Wakaanza kufyeka Kongwa, karibu na reli ya kati. Huko walikutana na mibuyu, na udongo ambao jua likishaupiga huwa kama saruji, na mvua zisizotabirika. Vifaru vya vita viligeuzwa matrekta, na matrekta yakageuka vyuma chakavu. Kufikia 1949 shabaha ilikuwa imekwisha kupunguzwa sana. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mpango wote, na hasara ikahesabiwa kuwa pauni milioni 36. Lakini bandari ya Mtwara, iliyoanza kujengwa 1948, ilikamilika 1954. Yaani mlango ulifunguliwa miaka mitatu baada ya mgeni aliyekuwa akingojwa kufariki dunia.

Hivyo tukabaki na gati la mita 385 lisilo na shehena, na reli iliyojengwa kufuata karanga ambazo hazikuota. Iliendelea kutembea kwa miaka kadhaa chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lililokuwa na makao yake makuu Nairobi. Ilibeba magogo, mazao na watu. Lakini kwenye daftari la hesabu ilikuwa ikila kuliko inavyozalisha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960, muda mfupi baada ya Uhuru, ikafungwa. Reli zikafunguliwa, mataruma yakaondolewa, na tuta likaachiwa majani. Mwaka 1963, wakati Kusini inasahau mlio wa gari moshi, njia mpya ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi ilifunguliwa, ikaunganisha reli ya kati na ile ya Tanga. Waliokuwa nayo wakaongezewa.

Sitaki kumfanya mtu yeyote aonekane mwovu. Waliopiga hesabu walipiga hesabu sahihi kwa namba walizokuwa nazo. Nchi ilikuwa changa na maskini, na reli inayokula fedha kila mwaka ni mzigo. Ninachouliza ni kitu kingine: namba zilizokuwa mezani zilikuwa za nani? Karanga zilikuwa na daftari lake. Mkorosho haukuwa nalo.

Kwani katika miaka hiyohiyo ambayo reli ilikuwa ikisemwa kuwa haina cha kubeba, wakulima wadogo wa Makonde, Masasi na Lindi walikuwa wakipanda mikorosho, bila matrekta wala wataalamu wa kuangalia kutoka angani. Mkorosho hauna haraka. Huchukua miaka kadhaa kabla haujaanza kuzaa vizuri. Miche iliyopandwa katika miaka ya 1950 ilianza kujaza magunia katika miaka ya 1960, baada ya reli kuondoka. Kufikia msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ilitoka huku kwetu. Shehena iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa njiani inakuja, isipokuwa ilikuja kwa mwendo wa mti na si kwa mwendo wa mashine. Korosho hizo zikapakiwa kwenye malori, zikateremka kwa barabara za vumbi na za matope kwenda kwenye gati lilelile la karanga.

Ni kweli pia kwamba reli isingemfikia kila mmoja. Haikupanda juu ya uwanda wa Makonde. Ilizunguka chini, bondeni. Mtu wa Newala angelazimika kuteremsha gunia lake kwanza. Na ni kweli kwamba baadaye korosho zenyewe zilianguka, watu walipohamishiwa vijijini na kuacha mikorosho yao mbali, mpaka katika nusu ya pili ya miaka ya 1980 mavuno yakawa chini ya tani 20,000. Reli isingeyazuia hayo. Lakini penye njia mtu huanguka akainuka upesi. Pasipo njia huanguka na kukaa.

Hapa naomba ruhusa ya msomaji nimpeleke mbali kidogo, Uswisi. Huku Kusini jina la nchi hiyo si geni, maana miongoni mwa watawa Wabenedikto wa Ndanda walikuwamo Waswisi wengi. Katika jimbo lao la Graubünden, ndani ya milima mikali, kiko kijiji kiitwacho Filisur, ambacho tangu 2018 ni manispaa moja na jirani yake Bergün, na bado wote pamoja hawazidi watu elfu moja. Chikongola peke yake ingewameza. Reli ya Albula ilipita hapo mwaka 1903, na mwaka 1909 ikafika njia ya pili kutoka Davos, Filisur ikawa njia panda kama ilivyokuwa Ruo yetu. Na upana wa reli hiyo ni mita moja, sawasawa na ile iliyong'olewa hapa. Leo treni zinapita hapo kila saa.

Mtu anaweza kusema: Uswisi ni tajiri. Naam, lakini tusikimbilie jibu hilo. Reli ile nayo ilikuja kwa kufuata mahitaji ya wageni, matajiri wa Ulaya waliokwenda kupumzika St. Moritz na kutafuta hewa safi Davos. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, wageni wakatoweka na makaa ya mawe yakaadimika. Karanga zao nazo zilikuwa zimeshindwa kuota, kwa namna ya kusema. Wenyewe hawakung'oa reli. Wakatia umeme, na njia ya Albula ikaanza kutumia umeme mwaka 1919. Jimbo lenyewe ndilo lililokuwa na sauti kubwa katika kampuni ile, na watu wa jimbo hilo waliitaka reli yao kiasi cha kupiga marufuku magari binafsi barabarani kuanzia 1900 hadi 1925.

Tofauti niionayo mimi ni hii. Reli zote mbili zililetwa kwa ajili ya wengine. Lakini aliyezileta alipoondoka, kule Filisur palibaki mtu mwenye haki ya kusema, "Sasa ni yetu." Huku kwetu aliyebaki alikuwa mkulima mwenye miche michanga ya mikorosho, na hakuna aliyemwuliza atakuwa na magunia mangapi baada ya miaka kumi.

Tuliokulia huku tunakumbuka matokeo yake. Masika yakija, barabara ya Dar es Salaam ilifungwa, na aliyekuwa na mgonjwa au msiba alingoja meli au ndege kama alikuwa na nauli. Kule Ndundu tulilala kusubiri kivuko cha Rufiji, abiria wa mabasi na wenye malori, tukipigana na mbu. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilifunguliwa mwaka 2003, yaani miaka arobaini na zaidi tangu Uhuru. Lami ikaja baada yake, kipande kwa kipande.

Na mtu akitaka kuelewa hasira ya mwaka 2013, ya Januari na ya Mei, watu wa Mtwara walipopinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba na roho zikapotea, asianze na gesi. Sisemi kwamba ghasia zilikuwa sahihi. Nyumba zilizochomwa zilikuwa za watu. Nasema kwamba mji huu ulijengwa kuwa mlango wa kutolea mali, na watu wake walikwisha kuona mara moja jinsi mlango unavyosahaulika mali inapokwisha. Bomba lilikamilika 2015. Bomba halina stesheni za njiani.

Yapo yanayotia moyo. Gati jipya la mita 300 limeongezwa kando ya lile la zamani, na makaa ya mawe kutoka Ngaka, mkoani Ruvuma, yamekuwa yakipakiwa hapa kwenda ng'ambo. Yanasafiri kwa malori, mamia ya kilomita. Kwa muda mrefu pamekuwa na mpango wa reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, kwenye Ziwa Nyasa, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa na chuma. Ningependa kuiona. Lakini wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, nami nikisoma kwamba reli hiyo inasifiwa kwa makaa na chuma, nashtuka kidogo. Makaa huisha, na bei ya chuma hushuka.

Siku wataalamu watakapokuja tena na ramani zao, ningewaomba jambo moja. Wakishahesabu tani za makaa, wahesabu pia mama wa Nanyamba mwenye gunia mbili, mwanafunzi wa Masasi anayerudi likizo, na mgonjwa anayepelekwa Ndanda. Tani zao ni chache na hazitapendeza kwenye daftari. Lakini hao ndio watakaokuwapo bado, mwaka ule makaa yatakapokwisha na mtu mmoja atakaposimama mbele ya kikao na kuuliza kama reli hii ina faida yoyote.