Wagonjwa Waliowafundisha Madaktari

Tarehe 2 Mei 1972, mjini Dallas, mtu mmoja alipanda jukwaani kwenye mkutano wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani akiwa amevaa kinyago cha mpira, nywele za bandia na suti iliyompwaya. Hata sauti yake ilibadilishwa kwa mtambo. Akawaambia wenzake kwamba yeye ni daktari kama wao, na ni mpenzi wa jinsia moja. Siku hizo kitabu cha chama hicho kiliihesabu hali yake kuwa ugonjwa, na angetambuliwa angepoteza kazi. Alikuja kujitaja hadharani mwaka 1994: John Fryer, wa Philadelphia.

Siku nne baada ya mkutano huo, gazeti la New York Times lilichapisha makala ya daktari Chaim Shatan kuhusu askari waliorudi kutoka Vietnam. Vijana hao walikuwa wakijilaumu kwa kubaki hai ilhali wenzao wamekufa, hasira zikiwapanda ghafla, na mapenzi kwa watu wao yakiwa yamekauka.

Visa hivi viwili husimuliwa kila kimoja peke yake, ingawa historia yao ni moja. Tiba ya kiwewe wanayopewa leo maveterani, wazee na wapenzi wa jinsia moja haikubuniwa na hospitali ikateremshwa kwa wagonjwa. Waliokwisha kuandikwa wagonjwa ndio walioidai, tena kwa kelele.

Utabibu wenyewe ulikuwa na kumbukumbu fupi. Mwaka 1915, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, daktari Charles Myers aliandika katika jarida la The Lancet kuhusu askari wa Uingereza waliopoteza uwezo wa kuona, kunusa na kukumbuka baada ya makombora kulipuka karibu nao. Katika hospitali ya Craiglockhart, karibu na Edinburgh, daktari W. H. R. Rivers aliwatibu maofisa kwa mazungumzo. Wasio na vyeo hawakuwa na bahati hiyo: baadhi yao walipigwa shoti za umeme ili waseme, na askari 306 wa Uingereza na makoloni yake walipigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwa makosa kama kutoroka na woga. Msamaha wao ulitoka mwaka 2006. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, toleo la kwanza la kitabu cha magonjwa ya akili cha Marekani, la mwaka 1952, lilitambua kwamba mtu mzima wa afya anaweza kuvunjwa na vita. Toleo la 1968 likaufuta utambuzi huo, ilhali Vietnam ilikuwa inawaka moto.

Matokeo yake yalionekana Boston mwaka 1969. Sarah Haley, afisa ustawi wa jamii, alikuwa ndiyo kwanza anaanza kazi katika hospitali ya maveterani pale askari mmoja alipomsimulia jinsi kikosi chake kilivyoua wanawake na watoto katika kijiji kiitwacho My Lai. Madaktari waliona ni mwendawazimu anayeota njozi. Haley, aliyekuwa amekua akisikia mambo ya vita kwa baba yake, alimwamini. Baadaye mwaka huohuo magazeti yalifichua mauaji ya My Lai. Mwaka 1974 Haley alichapisha makala akiwaonya wataalamu kwamba kazi yao ya kwanza, mgonjwa anapoeleza ukatili aliouona au alioufanya, ni kuvumilia kusikiliza.

Kule New York maveterani waliopinga vita hawakusubiri ruhusa. Kuanzia Desemba 1970 waliwaalika Shatan na mwenzake Robert Jay Lifton kwenye vikao vyao. Madaktari walikuja kama wageni, bila malipo, na walihojiwa kama wengine wote. Askari ndio waliopanga nini kizungumzwe.

Hapa ndipo njia mbili zinapokutana. Robert Spitzer, daktari wa Chuo Kikuu cha Columbia, alikutana na wanaharakati wa wapenzi wa jinsia moja mwaka 1972 baada ya wao kuvuruga mkutano aliohudhuria. Aliwasikiliza, kisha akasaidia kuandaa uamuzi wa Desemba 1973 ulioiondoa hali yao kwenye orodha ya magonjwa. Wapinzani walilazimisha kura ya wanachama wote. Wakashindwa kwa kura 3,810 dhidi ya 5,854. Spitzer huyohuyo alikabidhiwa kusimamia toleo jipya la kitabu. Mwanzoni hakuona haja ya ugonjwa wa maveterani. Shatan, Haley na maveterani wenyewe walimletea visa kwa mamia, wakaungana na wataalamu waliowatibu manusura wa kambi za Wanazi. Mwaka 1980 msongo wa baada ya kiwewe ukaingia kitabuni, na mlango huo ukawafungukia pia wanawake waliobakwa na walionusurika majanga.

Frank Kameny, aliyeketi jukwaani na Fryer kule Dallas, alikuwa mwenyewe mpiganaji wa Vita vya Pili, na mwaka 1957 alifukuzwa kazi serikalini kwa kuwa mpenzi wa jinsia moja. Mtu mmoja hubeba majeraha mengi, na uzee huyaamsha. Aliyenyamaza miaka 40 kwa kujishughulisha na kazi hushtuka usiku anapostaafu, au mhudumu anapomgusa bila kumwambia. Tangu Novemba 2019, nyumba za wazee za Marekani zinazolipwa kwa fedha za Medicare na Medicaid, bima za afya za serikali, zinatakiwa na kanuni kuyazingatia majeraha hayo.

Waliosahaulika kuliko wote ni wanaouguza majumbani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliwapa posho na ushauri nasaha wanaowatunza maveterani walioumia vibaya, lakini kwa majeraha ya kuanzia Septemba 11, 2001 tu. Wake wa askari wa Vietnam walianza kupokelewa Oktoba 2020, miaka 45 baada ya vita kwisha.