Bosi wa Kamera

Mwezi uliopita rafiki yangu alijilipia picha za chumbani: shuka nyeupe, mwanga wa dirisha, nguo chache. Mimi ndiye nilimshikia taa. Kakake aliposikia akasema hizo ni tabia za watoto wa Instagram. Haya, twende Paris, mwaka wa 1856.

Virginia Oldoini, Kontesa wa Castiglione, ana miaka 19. Ametumwa kutoka Italia na binamuye Cavour, waziri mkuu wa Piedmont, amlainishe Kaisari Napoleon III aunge mkono muungano wa Italia. Kaisari akalainika kweli, wakawa wapenzi. Mji mzima ukamkodolea macho. Lakini mwaka huohuo Virginia aliingia studio ya Mayer & Pierson, na humo ndani yeye ndiye aliyeamua atazamwe vipi.

Kwa karibu miaka 40 alipigwa picha zaidi ya 400. Pierre-Louis Pierson alishika kamera, ila bosi alikuwa Virginia. Nguo alichagua yeye, pozi yeye, hata jina la picha yeye. Kuna ambazo ameinua sketi, miguu wazi, enzi ambayo wanawake wa tabaka lake walivaa magauni ya kufagia sakafu.

Halafu kuna ile ya kisu. Mumewe, ambaye walikuwa wametengana, alipotishia kumnyang'anya mtoto wao, Virginia alimtumia picha: amesimama, kisu mkononi. Aliiita "Kisasi". Hapo hakuna wa kumfurahisha.

Sisemi kamera ilimponya. Urembo ulipoanza kumtoka alijifungia ndani, mbali na watu. Kama kujiamini kwako kunategemea sura, siku sura ikienda nako kunaenda. Lakini miaka ya 1890, mwili umenenepa, nywele na meno yamepungua, alirudi kwa Pierson akakaa tena mbele ya kamera. Hizo ndizo picha zake ninazozipenda zaidi. Hakuna kaisari wa kulainisha. Ni yeye tu, anataka kujiona.

Rafiki yangu alipoonyeshwa picha zake, mpiga picha alijitolea kumfutia michirizi ya tumboni, bure. Ana watoto wawili.

"Wacha hivyo," akasema. "Hiyo nimeitolea jasho."