Kukaza niru

Mwambie fundi wa Mweso, kwetu Masisi, alainishe krepi ya sementi, atajua la kufanya: ataurashia ukuta maji, atazungusha kibao, kisha atapitisha mwiko. Mwambie aandae ukuta wa chokaa utakaochorwa ungali mbichi, hapo maneno yanaanza kupungua. "Kung'arisha" linataja matokeo tu. "Kupiga msasa" ni baya zaidi, maana msasa hukwangua ngozi ileile inayotakiwa kushika rangi.

Mimi nachagua "kukaza niru". Niru ni neno la waashi wa pwani kwa tabaka la mwisho, jembamba na laini. Siku hizi wengi huipiga kwa sementi, lakini ufundi wenyewe ulikua kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa magogo, chokaa iliyojenga kasri la Husuni Kubwa la Kilwa katika karne ya 14 na kuchongwa vidaka vya majumba ya Lamu katika karne ya 18. Sisi wa Masisi, tuliozoea mbao na kukandika udongo, tuliazime neno hilo bila haya.

Na kwa nini kukaza? Jiwe la chokaa likichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi hutoa hewa ya kaboni. Likizimwa kwa maji huwa uji. Uji ukishapakwa ukutani huivuta tena kaboni polepole na kurudi kuwa jiwe. Rangi iliyokorogwa kwa maji matupu hunaswa humo humo, bila gundi. Basi niru hukazwa ikiwa bado na unyevu: kidole kikigusa hakinati, kikibonyeza huacha alama. Mwiko ukikandamizwa, chembe za mchanga hulala na vitundu huziba.

Lakini kuna mpaka. Ukisugua kupita kiasi, maji na chokaa hupanda juu, utando hufunga, na rangi hubaki nje kama vumbi. Ndiyo maana tadelakti ya Moroko, inayosuguliwa kwa jiwe gumu na sabuni nyeusi hadi kukataa maji, ni bora bafuni, si kwa mchoraji. Warumi walikaza sana, ila msanifu wao wa majengo, Vitruvius, aliagiza matabaka matatu ya mchanga na matatu ya unga wa marumaru: ukuta mnene hukaa na unyevu muda mrefu.

Anayejaribu akaze kipande atakachomaliza kuchora siku hiyohiyo, na atumie rangi za udongo, nyekundu na njano zenye kutu ya chuma. Rangi za mimea nyingi huunguzwa na chokaa.