Muuzaji akiwa manekeni wa bidhaa yake: foto ya biashara inaomba nini

Mu Goma, Bukavu, Butembo na Bunia, wauzaji wengi wa vikwembe na washonaji hawangoji tena mteja apite mbele ya meza. Mama anavaa nguo anayouza, mtoto wa dada yake anamupiga foto na telefone, kisha foto inaenda ku WhatsApp ao ku Facebook pamoja na bei. Hakuna studio, hakuna manekeni wa kulipa.

Desturi hii ilikuwako mbele ya telefone. Kule Marekani, Madam C. J. Walker, mwanamke mweusi aliyezaliwa mwaka 1867 na ambaye alikuwa akifua nguo za watu, aliuza mafuta ya nywele ndani ya makopo yenye picha ya uso wake. Alifariki mwaka 1919, lakini uso wake uliendelea kuuza. Ndivyo ilivyo hadi leo: uso ukisha kuwa alama ya biashara, unafika hata fasi mwenyewe hafiki. Juu ya hiyo, ni vizuri kuamua mapema nini kionekane na nini kisionekane.

Foto ijibu maswali ya mteja

Kitenge cha yadi 6 ni karibu metre 5 na nusu. Kikiwa kimekunjwa ku meza, mteja anaona rangi tu. Kikivaliwa, anaona ukubwa wa maua na namna kitambaa kinaanguka. Foto nne zinatosha: mbele, nyuma, upande, na moja ya karibu inayoonyesha mushono. Chini yake kuandikwe urefu wa mwenye kuvaa na saizi ya nguo. Kama nguo imebanwa na pini kwa nyuma ili ikae vizuri, mteja aambiwe.

Programu za kulainisha ngozi zinabadilisha pia rangi ya kitambaa. Mteja wa Uvira akilipia nguo na usafiri, kisha akapokea rangi ingine, hatarudi, na atawaambia wenzake.

Mwangaza na ukuta

Mikoa yetu iko karibu na ikweta. Saa sita ya mchana jua liko juu ya kichwa na linatia kivuli chini ya macho. Saa moja hadi saa tatu asubuhi, ao kuanzia saa kumi, mwangaza ni mzuri zaidi. Ndani ya nyumba, mwenye kuvaa asimame akielekea mlango ao dirisha. Chini ya shitingi ya buluu, kila kitu kinageuka buluu. Mu Goma, nguo nyeusi inapotea mbele ya mawe ya volkano. Shuka jeupe ku ukuta linaondoa shida hiyo.

Kinachoonekana nyuma

Mbele ya kutuma, muuzaji aangalie yote yaliyo nyuma yake: numero ya nyumba, watoto wenye uniforme ya masomo, kibao cha mtaa. Asipige foto karibu na bariere, kambi ao watu wenye silaha. Foto ya nguo inaweza kuchukuliwa kuwa foto ya upelelezi. Azime pia lokalizasio mu kamera, maana foto inayotumwa kama dokima inaweza kubeba alama ya fasi ilipigwa.

Foto ikiibiwa

Mwizi anachukua foto, anaweka numero yake, anapokea avansi, kisha anapotea. Mteja aliyepoteza feza hamujui mwizi. Anajua tu uso aliouona. Siku akikutana naye sokoni, atadai feza yake.

Kwa hiyo jina la biashara liandikwe juu ya nguo yenyewe, si pembeni ambako linakatwa mbio. Numero ya kazi itengwe na ya nyumbani. Kila tangazo liseme feza inatumwa ku numero gani na jina gani linatokea wakati wa kulipa. Foto ya kwanza kabisa ibaki mu telefone pamoja na tarehe yake. Siku ya mabishano itasaidia kuonyesha nani aliipiga.

Asiyetaka uso wake uonekane anaweza kukata foto kwenye kidevu, kugeuka mgongo, ao kuvalisha manekeni ya plastiki. Kwa bangili na sabuni, mikono inatosha.

Akivaa mtu mwingine

Ndugu ao mwanafunzi wa ushonaji akivaa nguo, hajatoa uso wake kwa milele. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya binafsi ya kila mtu, na Kodi ya numeriki ya tarehe 13/3/2023 inaongea juu ya ulinzi wa habari za mtu. Karatasi moja inatosha: foto itawekwa wapi, kwa muda gani, atapata nini, na itatolewa namna gani akibadilisha mawazo. Kwa mwenye hajafikisha miaka 18, wazazi waulizwe kwanza.

Mapatano hayo yafanyike mbele ya foto ya kwanza. Statu ya WhatsApp inafutika kisha saa 24, lakini mwenye aliipiga kapture anabaki nayo.